Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mtwara kuhusu wenzetu waliovuka Ruvuma

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya za Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu,
Wakurugenzi wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, na watendaji wote wa kata na vijiji.

YAH: UBAGUZI NA UVUMI DHIDI YA WAOMBA HIFADHI KUTOKA MSUMBIJI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linasemwa hadharani: sokoni, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye foleni za zahanati na kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijiji vyetu. Kila mtu ana la kusema juu ya watu waliovuka mto Ruvuma wakikimbia vita ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Tusiowasikia ni ninyi. Na ofisi inaponyamaza, mwenye simu na bando ndiye anayegeuka msemaji wa Serikali.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za bondeni karibu na mto na za huku juu Tandahimba, na mpaka leo huitwa shuleni kushika darasa la kwanza au la pili walimu wanapopungua. Huko ndiko nilikokutana na mtoto aliyenifanya nishike kalamu.

Anaishi kwa shangazi yake. Walitoka pande za Mocímboa da Praia, mji ambao vita hii ilianzia tarehe 5 Oktoba 2017, kisha Agosti 2020 ukatekwa na wapiganaji na kukaa mikononi mwao kwa karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Mtoto huyo alivuka kabla hajafikia umri wa kuanza shule. Baba yake hakuvuka. Kimakonde anakizungumza vizuri kuliko watoto wengi wa hapa, Kiswahili anakiokoteza, na hesabu anawashinda wenzake. Wenzake wamempa jina: Shababi. Ndivyo huko Cabo Delgado wananchi wanavyowaita wale wapiganaji.

Wakati wa mapumziko watoto wana mchezo wao. Mmoja anapiga kelele "Shababi anakuja!" na wote wanatimua mbio, naye anawakimbiza uwanja mzima akicheka. Nilimwita pembeni nikamuuliza kama anaupenda mchezo ule. Akatazama chini, akachora chora mchanga kwa kidole cha mguu, kisha akasema: "Mwalimu, nisipowakimbiza hawachezi na mimi."

Waheshimiwa, watoto wa darasa la pili hawatungi jina kama hilo. Wamelipata nyumbani, kwa watu wazima wanaozungumza huku watoto wapo. Mtoto aliyepoteza baba kwa mikono ya watu wale leo anaitwa kwa jina lao, na ili apate wa kucheza naye inabidi alivae. Niliongea na walimu wenzangu na tukalikomesha jina lile shuleni. Nje ya uzio wa shule sina mamlaka. Ninyi mnayo.

Msinielewe vibaya kuhusu usalama. Kitaya siisahau. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakaingia katika kijiji kile cha Wilaya ya Mtwara, wakaua raia na kuchoma nyumba. Aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi wakati huo, IGP Simon Sirro, alisema walikuwa takriban 300. Nina jamaa waliolala porini siku zile na watoto mgongoni. Hofu ya watu wa mpakani ina sababu, na kiongozi atakayetuambia tusiogope hatatusaidia. Tunachohitaji ni kiongozi wa kutuambia tumwogope nani. Waliochoma nyumba Kitaya na waliochoma nyumba Mocímboa na Palma ni watu wa aina moja. Mama aliyefika ng'ambo hii na sufuria na mtoto amewakimbia hao hao. Tena inajulikana kwamba hata vijana wa Kitanzania walivuka kwenda kujiunga na kundi lile, na Polisi wetu wameshasema wazi kwamba wamewakamata watu waliokuwa njiani kwenda. Kwa hiyo lafudhi haitatuonyesha gaidi ni nani.

Hilo la lafudhi nimeliona kwa macho yangu. Msimu wa korosho uliopita ilizunguka sauti ya mwanaume anayeongea haraka haraka, akisema "wameshaingia", wamejigawa vijiji kwa vijiji, wanajifanya waokota korosho, na kwamba atakayewapa chakula ataanza kufa yeye. Hakutaja kijiji. Hakutaja tarehe. Juu ya sauti yenyewe palikuwa na maneno yale ya WhatsApp, "Imesambazwa mara nyingi". Jioni hiyo hiyo vijana wa kijiji kimoja cha jirani walimtoa mzee nyumbani kwa mkwewe, wakamkalisha chini kwenye uwanja wa ofisi, wakawa wanamwambia ataje maneno ya Kiswahili moja baada ya jingine, ili wapime anavyoyatamka. Waliyachagua yenye "r" na "l". Mzee wa watu anatetemeka, anarudia maneno kama mtoto wa chekechea. Alipoletwa mtu anayemfahamu ndipo ikajulikana kwamba ni mzaliwa wa Newala, aliyekaa Palma miaka mingi kwa biashara ya samaki na kurudi kwao baada ya mji ule kushambuliwa Machi 2021. Mtanzania, na kadi ya kupigia kura anayo. Waliachana naye bila kumwomba radhi, na sauti ile iliendelea kuzunguka wiki nzima. Hakuna ofisi iliyotoa hata mistari miwili kusema ni ya uongo.

Naomba mkae na jambo hilo kidogo. Kipimo tunachokitumia kumbagua mgeni kinatupata sisi wenyewe. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za Ruvuma. Mpaka huu Wajerumani na Wareno waliuchora mwaka 1886 bila kumuuliza mtu wa huku, na hadi leo harusi, misiba na jando vinauvuka. Ukianza kuwapima watu kwa matamshi, kwa chale za usoni au kwa jina la ukoo, nusu ya Newala na Tandahimba itakaa chini kwenye uwanja wa ofisi. Wangapi kati yetu wamesumbuliwa kwenye kitambulisho cha NIDA kwa kuulizwa babu alizikwa wapi? Na wangapi wamefika Dar es Salaam wakakuta Mmakonde akitajwa kwa dhihaka, kama mtu wa porini? Sisi watu wa Kusini tunajua vizuri uchungu wa kusemwa na watu wasiotujua. Mwaka 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi ya Mtwara kwenda Dar es Salaam, nchi nzima ilituzungumzia, na wachache sana walikuja kutuuliza.

Nenda mbali kidogo, hadi Kenya. Kuna Wamakonde waliokwenda huko zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakazaa na kuzeeka wakiwa hawana uraia wa nchi yoyote. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, na Serikali ya Kenya ikawapa, ikawatambua kuwa kabila la 43. Tuliposikia habari ile huku tulishangilia. Tulisema ndugu zetu wametendewa haki. Basi ndugu hao hao, wakija kwetu wakiwa wamekimbia risasi, tunawaitaje?

Kitaya ilituumiza, lakini wazazi wetu walipata makubwa zaidi na hawakufukuza mtu. Nilikuwa mtoto wakati wa vita ya ukombozi wa Msumbiji. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na zaidi baada ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kuanza vita dhidi ya Wareno Septemba 1964, watu walivuka mto kwa maelfu. Wengine walipelekwa Rutamba mkoani Lindi wakapewa ardhi ya kulima, wengine walibaki kwenye vijiji vya jamaa zao. Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji, na ni kutoka huko ndiko kiongozi wao, Samora Machel, alikoanzia safari ya kurudi nyumbani mwaka 1975, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa tarehe 25 Juni. Hayo hayakuwa bure. Ndege za Wareno zilivuka zikaangusha mabomu kwenye vijiji vya upande wetu, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliwakata miguu wakulima wetu karibu na mto. Kama kuna kizazi kilichokuwa na sababu ya kusema "wageni hawa wanatuletea vita", ni kile. Nyumbani kwetu tulikula muhogo mara moja kwa siku ili wageni nao wale, na sikumbuki mama yangu akiwaita kwa jina lolote zaidi ya "wageni wetu".

Na kabla ya hapo ni sisi tuliovuka. Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walipokuwa wakichoma mashamba na maghala ya chakula, kuna babu zetu waliokimbilia kusini ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Wareno, wakapokelewa.

Dunia iliiona kazi ya Watanzania. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen, tuzo ya juu kabisa ya Umoja wa Mataifa kwa watu waliowahudumia wakimbizi. Nilikuwa kijana wakati huo na tulijivuna kweli kweli. Baadaye, Juni 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likasema kwamba tangu Januari ya mwaka huo zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kupitia Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala. Hapo ndipo lilipo Daraja la Umoja, lililozinduliwa mwaka 2010 na marais wa nchi zote mbili. Wengi walikuwa wanawake na watoto, na walirudishwa wakati vita inawaka. Sitaki kuamini kwamba jambo hilo lilifanyika kwa moyo mwepesi. Lakini wananchi wana akili ya kujumlisha. Wakiona anayekimbia anarudishwa bila kusikilizwa, watahitimisha kwamba hana haki, na asiye na haki unaweza kumfanya utakalo. Dharau inayosikika leo vijijini kwa sehemu ilijifunza huko.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa nyingi ya porojo hizi zinaishi kwa sababu watu hawajaambiwa sheria inasemaje. Sheria ya Wakimbizi Na. 9 ya mwaka 1998 inamtaka mtu anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini kwa ofisa mwenye mamlaka aliye karibu, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa aliyepewa madaraka madogo ya kimahakama. Tafadhali lisomeni neno hilo mara ya pili: mtendaji wa kijiji. Bunge letu lilimweka kijana yule mwenye ofisi ya chumba kimoja, meza moja na muhuri kuwa mlango wa kwanza wa Jamhuri kwa mtu aliyekimbia kuuawa. Nimewauliza watendaji kadhaa ninaofahamiana nao, wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Hakuna hata mmoja aliyejua. Mmoja aliniambia kwa unyenyekevu kabisa kwamba yeye alifikiri kazi yake ni kupiga simu Uhamiaji waje wamchukue. Simlaumu. Hakuna aliyempa semina, wala waraka, wala hata karatasi moja ya kubandika ukutani.

Na kuna tofauti ambayo mitaani haipo kabisa. Mwomba hifadhi ni mtu ambaye ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi ni yule ambaye ameshakubaliwa. Mhamiaji haramu ni mtu mwingine kabisa, aliyeingia bila kibali na bila sababu ya hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza katika kifungu cha 31 kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ameingia bila kibali, alimradi amejitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu zake. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulikwenda mbali zaidi: unamhesabu kuwa mkimbizi hata aliyekimbia machafuko makubwa ya amani kwao, na unasema wazi kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la ubinadamu, ambalo nchi nyingine haipaswi kulichukulia kama uadui. Watu waliokimbia makazi yao Cabo Delgado walikaribia milioni moja kufikia mwaka 2022. Hayo kama si machafuko, sijui yaitweje.

Najua atatokea mtu wa kuniambia kwamba sheria hiyo hiyo inataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, wasitawanyike vijijini. Ni kweli. Lakini mtu hawezi kupangiwa mahali pa kukaa kama jina lake halijaandikwa popote. Ukimfokea mlangoni haendi kambini, anakwenda kujificha kwenye banda la korosho la binamu yake. Na mtu aliyejificha hakaguliwi na Polisi, haulizwi ametoka wapi na kwa nini, mtoto wake hachanjwi. Wanaosema "tuwafukuze kwa ajili ya usalama" wanaharibu kitu kile kile wanachosema wanakilinda. Mimi nataka ukaguzi. Nataka kila aliyevuka aandikwe, ahojiwe na maofisa wanaojua kazi yao, na jina lake lifike Idara ya Huduma za Wakimbizi pale Wizara ya Mambo ya Ndani. Nisichokitaka ni ukaguzi wa kijiweni.

Kuhusu kazi na ujira, hapa pana uongo unaowanufaisha watu fulani, na naomba mniruhusu niseme wazi. Inasemwa kwamba wageni wametuchukulia vibarua. Ninachokiona kwenye mashamba ni hiki: kibarua wa hapa na mwenzake kutoka Msumbiji wanapalilia mikorosho ile ile, jua lile lile, na jioni mgeni anapewa nusu ya ujira. Akidai, mwenye shamba anamwambia, "Endelea kupiga kelele, nikuitie Uhamiaji." Wengine wanafanyishwa kazi wiki nzima na siku ya malipo wanatishwa hivyo hivyo wakaondoka mikono mitupu. Aliyeshusha bei ya kibarua ni mwenye shamba, na kinachompa nguvu ya kuishusha ni woga wa yule mtu. Mtu mwenye karatasi mkononi hatishwi hivyo, na kibarua wetu hangepoteza kitu. Naomba vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo kila mkulima wa korosho anavipitia kwenye stakabadhi ghalani, viambiwe na ninyi kwamba kumdhulumu mtu ujira ni kosa, awe ametoka Mahuta au Mueda.

Halafu kuna lile la kwamba wanalipwa fedha nyingi na Umoja wa Mataifa. Wale ninaowajua mimi, wanaoishi kwa jamaa zao, hawapati hata kilo ya unga kutoka popote. Wanaowalisha ni wakulima maskini wa huku huku, na hilo hakuna anayelirusha kwenye simu.

Na la magonjwa. Katika kituo kimoja cha afya nilikaa foleni karibu na mama kijana mwenye mtoto wa mgongoni. Alikuwa na kadi ya kliniki ya Msumbiji, imeandikwa Kireno, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni hadi pembe zake zimelainika. Alipofika dirishani aliitoa kwa mikono miwili. Mhudumu aliigeuza geuza, akamrudishia, akamwambia akae pembeni mpaka wenye nchi waishe. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti, "Hao ndio wanaotuletea kipindupindu." Mama yule alielewa, nilimwona usoni. Aliifunga kadi yake taratibu akaondoka. Niliitazama kadi ile akiwa ameishika: Kireno sikijui, lakini tarehe za chanjo na uzito wa mtoto viliandikwa kwa tarakimu hizi hizi tunazofundisha darasa la kwanza. Nilisimama nikazungumza na mkubwa wa zamu, naye akatuma mtu amfuate. Hakuonekana tena.

Kipindupindu kinakuja na maji machafu na choo kibovu. Mgonjwa aliyefukuzwa kwenye foleni anarudi kuharisha karibu na kisima mnachochota nyote. Na uvumi wa ugonjwa huwa haubaki kwa mgeni. Kaskazini mwa Msumbiji uliwahi kuenea uzushi kwamba wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji ndio wanaoeneza kipindupindu, na watu waliuawa kwa uzushi huo, viongozi wakiwemo. Kwa hiyo, waheshimiwa, hata asiyemhurumia mgeni ana sababu ya kuuzima moto huu mapema.

Ombi langu, basi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Naomba mkutano ujao wa kila kijiji cha mpakani, kuanzia Msimbati hadi Mtambaswala, uwe na ajenda hii, na aliyekaa meza kuu aisome mwenyewe: mwomba hifadhi ni nani, aende wapi, ndani ya siku ngapi, na nini ni kosa kumfanyia. Isomwe kwa Kiswahili na irudiwe kwa Kimakonde au Kimakua, maana bibi zetu wengi wanaielewa habari vizuri kwa lugha hizo. Masheikh na mapadri waombwe kuirudia Ijumaa na Jumapili. Redio za huku, ambazo watu wanazisikiliza mashambani kutwa nzima, zipewe mtu wa ofisi wa kujibu maswali ya wasikilizaji, hata yale yanayoudhi. Yajibiwe kwa upole, kwa kuwa mtu anayeuliza kwa hofu akitukanwa atarudi kwenye sauti za WhatsApp.

Kila wilaya iwe na ofisa mmoja ambaye kazi yake, sauti kama ile ya msimu uliopita inapotokea, ni kuitolea jibu siku hiyo hiyo: ni kweli, si kweli, au tunafuatilia. Mistari mitatu yenye jina la ofisi. Magrupu yanayosambaza uongo yatausambaza ukweli pia, wakipewa. Hakuna haja ya kumkamata kila aliyebonyeza kitufe, ingawa anayetunga uongo wa kuwataka watu wamdhuru mtu, huyo sheria ipo na imfuate.

Watendaji wapewe mafunzo ya siku moja tu juu ya Sheria ya 1998, na daftari maalumu la kuandikia waliojitokeza. Wakuu wa shule waelekezwe kwamba mtoto hazuiwi darasani kwa kukosa cheti cha kuzaliwa cha Tanzania, na kwamba majina ya kumfananisha mtoto na magaidi yanakomeshwa kama tunavyokomesha matusi mengine. Vituo vya afya vikumbushwe kwamba foleni ni ya wagonjwa.

Na ninyi wenyewe, mkisimama jukwaani, naomba mchunge maneno. Kiongozi akisema "tumejaa wahamiaji haramu" mbele ya umati wa kijiji, kesho yake vijana watatafuta haramu wao wa kumkalisha chini. Nimeshaona inavyokuwa.

Naomba maelekezo hayo yawafikie watendaji kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, kwa sababu ndipo vibarua wanapoongezeka na ndipo sauti zile zinapoanza kuzunguka. Kama kuna ofisi itakayoandika maelezo ya Sheria kwa lugha nyepesi, niko tayari kuyatafsiri kwa Kimakonde bila malipo na kuyasoma kwenye mkutano wowote nitakaoitwa katika tarafa hii. Wapo walimu wastaafu wengine tuliozungumza nao ambao wako tayari kufanya hivyo Newala na Nanyumbu. Tunasubiri kuitwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Tandahimba, Mtwara.